Mrundi Ugenini Nduta: Habari za Nyumba, Chungu na Matembezi

Mtu atokaye pwani au Unyamwezi, akifika Kibondo siku ya soko na kuwasikia Muha na Mrundi wakizungumza, hudhani asikia lugha moja. Muha huamkia “Mwidiwe”, Mrundi husema “Mwiriwe”. Herufi moja imegeuka, na baada ya hapo hakuna haja ya mkalimani. Wote wawili humwita Mungu kwa jina la Imana. Kwa sababu hiyo wengi wetu tuliokwenda kufundisha au kuhubiri katika kambi ya Nduta tulikwenda bila hofu ya kukosea. Kwa nini nijifunze desturi za mtu ambaye maneno yake yote nayafahamu? Nimeandika habari hizi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu halikuwa la lugha. Lilikuwa la chakula.

Kwanza nieleze mahali penyewe, kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Nduta ni katika wilaya ya Kibondo, nchi ambayo zamani ilikuwa ya Mwami wa Muhambwe, wala mpaka wa Burundi hauko mbali. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mara ya kwanza katika miaka ya 1990, Warundi walipokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993. Watu waliporudi kwao ikafungwa. Kisha mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka kushika madaraka kwa kipindi cha tatu, fujo zikatokea Bujumbura mwezi wa Aprili, na watu wakaanza kuvuka. Mwezi wa Mei maelfu kwa maelfu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na milima, na kipindupindu kikawaingia. Meli ya Liemba, ile ile iliyojengwa na Wadachi kabla ya Vita Kuu ya kwanza, ikawachukua hadi Kigoma, wakalazwa katika uwanja wa mpira, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu. Lakini Nyarugusu ilikuwa na Wakongo wengi tangu 1996, wala haikuweza kuwabeba wote. Ndipo Nduta ilipofunguliwa tena, mwezi wa Oktoba 2015, na kufikia mwaka 2017 watu waliokaa humo walizidi 100,000. Mji wa Kibondo wenyewe haukuwa na watu wengi kiasi hicho. Haya nitakayoyaeleza ni ya miaka hiyo, kama nilivyoyaona.

Lugha ya Kirundi ina maneno matatu ambayo yampasa mwalimu ayajue kabla ya kuinama kuingia katika hema ya mtu. “Umushitsi” ni mgeni, nalo latokana na “gushika”, yaani kufika: ni mtu aliyefika. “Impunzi” ni mkimbizi, nalo latokana na “guhunga”, kukimbia hatari. “Umubanyi” ni jirani, nalo latokana na “kubana”, kukaa pamoja. Njia ya kawaida ya mgeni ni kwamba hufika, hukaribishwa, hulishwa. Kisha siku yaja naye hukaribisha na kulisha, na tangu siku hiyo huitwa jirani. Kiswahili nacho chaijua njia hiyo, maana husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulichukua neno hili kuwa ni karipio kwa mgeni mvivu. Mimi nimeanza kulisikia kwa namna nyingine. Mwenye jembe ana shamba, na mwenye shamba ana chungu chake, na mwenye chungu chake aweza kumwambia mtu mwingine karibu. Kwa hiyo kumpa mgeni jembe ni kumpandisha cheo.

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa jembe hilo. Serikali iliwaweka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ikawakatia mashamba, na baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza mazao. Hata mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Nduta haikuwa hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilowekewa, na kutoka kwake kulihitaji kibali. Mashamba hayakuwako, isipokuwa vijibustani vya kando ya nyumba. Siandiki haya ili kuihukumu serikali. Nchi yetu imepokea wakimbizi tangu kabla sijazaliwa, tena mara nyingi mataifa yaliyo tajiri kuliko sisi yakitazama kando. Naandika ili msomaji afahamu kwamba mgeni wa Nduta alikaa mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tano, akiwa bado katika siku mbili zake za mwanzo.

Sasa habari za nyumba. Mrundi wa milimani hakai kijijini. Kwao kila jamaa ina boma lake, liitwalo “urugo”, lenye uzio, nalo limesimama peke yake mlimani katikati ya migomba yake. Ukiuliza mtu atoka wapi, hukutajia mlima. Kutoka boma hadi boma ni mwendo wa kupitia mashamba, na mtu akija huonekana kabla hajafika, akapiga hodi mbali, na mwenye nyumba akapata nafasi ya kujitengeneza. Neno “umuryango” kwa Kirundi lina maana mbili, mlango na jamaa, na sidhani kwamba ni bahati tu. Mlango ndio mahali ambapo jamaa huishia na watu wengine huanzia.

Nduta watu waliwekwa kwa mistari, katika kanda na vijiji vyenye namba. Mwanzoni mlango ulikuwa kitambaa cha hema, na uzio haukuwapo. Kikohozi cha jirani kilisikika, ugomvi wa mume na mke ulisikika, na jambo lililowasumbua wanawake kuliko yote, kila mtu aliweza kuona nani anapika na nani hapiki. Baadaye wengi walijenga vibanda vya matofali ya udongo, na jambo la kwanza walilolifanya, kabla hata ya kuziba matundu ya paa, lilikuwa kusimamisha kijiuzio cha fito au mabua mbele ya mlango. Mgeni wa Kizungu mmoja aliniuliza kwa nini wapoteza fito nzuri kwa uzio usiozuia hata kuku. Nilimwambia kwamba uzio ule haukuwekwa kwa ajili ya kuku.

Wazee wetu wa Kiha walilielewa jambo hili upesi kuliko sisi vijana wa wakati ule. Sisi nasi zamani tulikaa mbali mbali, kila mtu na shamba lake, hata operesheni za miaka ya 1970 zilipotukusanya katika vijiji. Baba yangu alikuwa akisimulia kwamba jambo gumu halikuwa kujenga upya. Jambo gumu lilikuwa kula huku unatazamwa.

Nije basi kwenye chungu, maana hapo ndipo penye habari nyingi. Chakula cha Mrundi wa milimani ni maharage. Mataifa yalayo maharage kama Warundi ni machache duniani. Huyapika kwa mawese kama anayo, huyala pamoja na viazi vitamu, “ibijumbu”, au ndizi, au ugali wa muhogo, au huyachanganya na mboga za majani kama lengalenga. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, tuyaitayo kisamvu, kwao ni “isombe”. Samaki wadogo wa ziwa, “indagara”, ndio dagaa wetu. Nyama ni ya siku kuu. Ukitazama orodha hii utaona kwamba ni chakula cha Muha pia, na ndiyo maana nasema ugeni wa Mrundi Nduta haukuwa katika kutokujua chakula cha wenyeji. Alikiona kila siku ng'ambo ya kambi, kikiota katika udongo anaoufahamu, kikipikwa kwa namna anayoifahamu. Hakuwa nacho, basi.

Alichokuwa nacho ni mgawo. Mara moja kila mwezi alikwenda na kadi yake kupokea unga wa mahindi, maharage au mbaazi za njano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia, chumvi, na unga wa lishe uliochanganywa na soya, vyote kutoka Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa. Kipimo kamili kilikusudiwa kumpa mtu kalori 2,100 kwa siku. Lakini shirika lenyewe huishi kwa kuomba, na wafadhili walipochoka kipimo kilipunguzwa. Mwezi wa Agosti 2017 kilifika sehemu 62 katika mia, kwa watu wapatao 320,000 waliokuwa katika kambi tatu za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu; na mwaka 2023 kilishuka hadi nusu. Msomaji aliyepata kula katika bweni la shule ya misheni ajua maana ya kipimo kupunguzwa, ingawa sisi tulikuwa na likizo.

Mgawo uligeuza hata hesabu ya siku. Kwao milimani mwanamke huhesabu kwa mavuno. Hujua ghala inamwambia nini. Kambini walisema “kabla ya mgawo” na “baada ya mgawo”, kama sisi tusemavyo kabla ya Kwaresima na baada ya Pasaka. Wiki ya kwanza moshi ulionekana mara mbili kwa siku juu ya kila paa. Wiki ya mwisho ulionekana jioni tu, tena katika nyumba nyingine haukuonekana. Nilipokuwa nikifundisha watu wazima kusoma, niliweza kujua tarehe kwa kutazama nyuso zao.

Tena unga wa mahindi kila siku uliwachosha. Mtoto aliyezoea viazi vitamu na ndizi husukuma ugali mweupe pembeni, na mama hawezi kumpiga kwa sababu hiyo. Ndipo biashara ya kubadilishana ilipoanza, tena mapema sana. Wanawake wa kambini walichukua kibakuli cha unga au kikombe cha mafuta wakakibadili kwa muhogo, ndizi, dagaa au fungu la majani kwa wanawake wa Kiha. Wakubwa wengine walikasirika: mbona wauza chakula cha msaada? Hii yaonyesha wameshiba! Lakini mwenye kuuza kikombe cha mafuta ili anunue dagaa hakushiba. Ajua tu kwamba mtu haishi kwa unga peke yake. Na Waha nao walifaidi, maana unga na mafuta vilikuwa rahisi wakati wa njaa ya masika. Masoko ya pamoja yalifanya urafiki mwingi kuliko mahubiri yangu, na yalipofungwa au kupunguzwa siku mwaka 2019 kwa amri ya serikali, wa kwanza kulalamika kijijini kwetu walikuwa wakulima wa ndizi.

Neno moja juu ya kuni, kwa kuwa watu husahau kwamba chakula kisichopikwa si chakula. Maharage yataka moto wa saa nyingi. Mwenye akili huyaloweka usiku kucha ili kuupunguza. Mbaazi zilizopasuliwa huiva upesi zaidi, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyosikia wanawake wakizipa. Watu zaidi ya laki moja, kila jioni mafiga matatu kwa kila nyumba: hesabu hiyo mwitu wa Nduta haukuiweza. Mwaka wa kwanza kuni zilikuwa karibu. Baadaye wanawake na wasichana walitembea mwendo mrefu, wakatoka nje ya mpaka, na huko wengine walipigwa, wengine walitendewa mabaya zaidi, ambayo walimu na mapadre waliyasikia kwa siri na hawakuweza kuyasahau. Waha nao walikuwa na malalamiko yao ya kweli. Miti ilikatwa, mihogo ilichimbwa usiku. Sitaki kusema kwamba upande mmoja ulikuwa wa malaika. Mafundi walifundisha majiko ya udongo yapunguzayo kuni, nayo yalisaidia, walakini mama mwenye jiko zuri bado huhitaji kuni.

Sasa nisimulie kosa langu. Ilikuwa masika ya mwaka 2016, siku chache kabla ya mgawo. Nilikwenda pamoja na katekista, naye Mrundi, kumtazama mama mmoja mjane wa upande wa Ruyigi, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wetu. Tulikaribishwa ndani, tukakalia ndoo zilizogeuzwa. Baada ya maamkizi marefu, mikono yote miwili kama ilivyo adabu yao, alileta sinia ndogo: ugali na mbaazi. Akachukua tonge la kwanza mwenyewe, akala mbele yetu, kisha akatusogezea. Desturi hii ya mwenye nyumba kuonja kwanza ni ya zamani huko kwao, hasa katika pombe. Maana yake ni kwamba hakuna sumu humu, nami najiweka mahali pako. Niliijua maana yake. Lakini nilitazama sinia, nikatazama watoto wanne waliosimama mlangoni, nikahesabu siku zilizobaki, na huruma ikanishika. Nikasema kwa sauti ya upole, “Mama, ahsante sana, sisi tumekwisha kula. Wape watoto.”

Hakusema neno. Aliondoa sinia. Mazungumzo yakafupika, tukasali, tukatoka. Njiani katekista alinyamaza mpaka tulipofika barabara kubwa, kisha akaniambia, “Mwalimu, yule mama alikuwa nyumbani kwake. Umemfanya impunzi ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya watoto.”

Nilijitetea, kama watu wanavyojitetea. Nilisema kwamba watoto wana njaa. Akajibu kwamba watoto wangekula kidogo usiku ule na kulala wakijua kwamba mwalimu alikula kwa mama yao. Sasa wamekula zaidi kidogo na kulala wakijua kwamba alikataa. “Kila mtu hutupa,” alisema. “Shirika hutupa, serikali hutupa, kanisa hutupa. Nani anatuomba?”

Wenzangu walimu na mapadre, nafikiri jambo hili latuhusu kuliko watu wengine, kwa sababu sisi ndio tuingiao katika nyumba za watu bila kualikwa. Wengi wetu tuna kanuni njema ya kutokula chakula cha maskini. Yaonekana kuwa ni upendo. Lakini Bwana wetu aliomba maji kwa mwanamke wa kisimani kabla ya kumwahidi maji mengine, naye alikuwa mgeni huko na mwanamke ndiye aliyekuwa na ndoo. Nimeifundisha sura ile mara nyingi nikiwaeleza watu habari za Wasamaria, na sikuona kwamba yaanza na Yeye kuomba. Simaanishi kwamba mtu ale mgawo wa wiki. Tonge mbili zatosha. Palipo na desturi ya kuonja, kuonja kwako ndiko jibu.

Nieleze kidogo juu ya matembezi, maana kwa Mrundi kutembelea na kula havitengani. Milimani mtu haendi kutembelea mikono mitupu. Huchukua kibuyu cha pombe ya ndizi, “urwarwa”, au ya mtama, “impeke”, ambayo hunywewa kwa mirija katika chungu kimoja. Sisemi hivi kwa kuisifu pombe. Nimeona nyumba zilizobomolewa nayo, na katika shule yangu naipinga bado. Lakini mtu akitaka kueleza desturi sharti aieleze ilivyo. Ugomvi wa mipaka, posa, rambirambi, shukrani kwa aliyekusaidia kulima, vyote vilikwenda na kibuyu. Kambini ndizi za kutosha hazikuwapo. Nilitazama ni kitu gani kitashika mahali pa kibuyu, na kwa muda mrefu sikuona kitu, watu walitembeleana mikono mitupu kwa aibu, au hawakutembeleana. Baadaye nikaona kikombe cha unga kimefungwa katika kitambaa. Nikaona kipande cha sabuni. Mwaka wa tatu niliona msichana akipeleka kwa mama mkwe wake mtarajiwa vijiti vya kuni vilivyofungwa vizuri kwa kamba ya gome, vyote vya urefu mmoja, kama fungu la maua.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya matembezi. Baada ya ibada watu walikaa nje kwa saa nyingi, nguo zimefuliwa na kukunjwa vizuri ingawa sabuni ilikuwa haba. Wale wa Rumonge, Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura walizungumza Kiswahili tangu utoto, na wale wa milimani waliwacheka na kujifunza kwao. Watoto walijifunza haraka kuliko wote, ingawa shuleni walifuata mafundisho ya kwao Burundi. Tena palipokuwa na ngoma, kila mtu alikuja, hata Waha. Ngoma kubwa za Kirundi huchongwa katika mti waitwao “umuvugangoma”, yaani mti uzungumzishao ngoma, ambao Kiswahili huuita mringaringa. Zamani zilikuwa za Mwami, nazo zilitoa sauti katika sikukuu ya mtama, “umuganuro”. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliziandika miongoni mwa urithi wa mataifa yote. Jambo lililonishangaza ni kwamba wapigaji walipopiga, hakuna aliyekuwa impunzi. Wao ndio walikuwa na kitu, sisi ndio tulikuja kukipata. Mzee mmoja wa Kiha aliyesimama karibu nami alisema wale vijana wanapaswa kulipwa kuku.

Kwa yule mama nilirudi mwezi wa Julai. Safari hii nilikwenda kwa miguu, pamoja na mke wangu, nasi tulichukua kikapu chenye chumvi na dagaa, kama watu waendao kutembea na si kama watu waendao kukagua. Nje ya kibanda alikuwa amelima kijibustani kisichozidi mkeka miwili kwa upana, akakimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Mlikuwa na lengalenga, na viazi vitamu vichache vilivyotambaa hadi kwenye uzio. Alitupikia viazi vile. Akaonja, akatusogezea, tukala. Vilikuwa vidogo, tena kimoja kilikuwa na funza, nacho alikiondoa upesi kabla mke wangu hajakiona, lakini alikiona.

Tulipoaga, akatuletea kikapu chetu. Haifai kumrudishia mtu chombo kitupu, kwao wala kwetu. Ndani mlikuwa na mbaazi za njano, labda mikono mitatu. Mke wangu alifungua kinywa, nami nikamkanyaga mguu. Tulizipika nyumbani usiku ule, na mwanangu mdogo akauliza zimetoka wapi, nikamwambia. Akasema, “Kumbe wakimbizi nao hutoa?” Nikamwambia ale.

Lakini kabla ya hapo alitusindikiza. Kwa Kirundi ni “guherekeza”, na mwenye nyumba asiyemsindikiza mgeni wake ni kama hakumkaribisha. Kwao milimani husindikiza hadi mtoni, au hadi mlima wa pili ukianza kupanda, na mgeni wa heshima husindikizwa mbali zaidi. Huko njiani ndiko husemwa maneno ambayo hayakuweza kusemwa ndani. Alitembea katikati yetu, amembeba mtoto wa mwisho mgongoni, akatueleza habari za shamba lake la Ruyigi na mipaka yake, migomba mingapi, na nani anaikalia sasa. Tulifika penye kizuizi cha kambi. Hakuwa na kibali, akasimama. Sisi tukapita, tukasimama ng'ambo, na kwa kuwa hakuwa amemaliza habari ya migomba, akaimalizia pale pale, mti wa kizuizi ukiwa kati yetu, na mlinzi akisikiliza. Kisha akasema “N'agasaga”, nasi tukamjibu “N'agasaga”. Tulipokwenda hatua kama mia mke wangu aligeuka, akaniambia kwamba bado amesimama, atusindikiza kwa macho.